Robo ya ngapi? Mfunze mtoto swali hili kabla hajapata laini yake

Jumapili moja jioni binti yangu wa Gredi ya 3 aliniletea daftari lake la hesabu. Kulikuwa na picha ya maembe 12 na maagizo mafupi: zungushia robo ya maembe haya. Alikuwa ameshamaliza. Alikuwa amezungushia maembe manne, akayapaka rangi ya manjano, akaridhika.

"Mbona manne?" nikamuuliza.

"Si robo ni nne, Mama? Ona hapa chini imeandikwa nne."

Na kweli imeandikwa. Moja juu, nne chini.

Mtoto huyu si mgeni wa robo. Mtume dukani robo ya sukari, atarudi na robo. Mwambie akate chapati robo, atakata, na hata atajichagulia kipande kilicho kikubwa kidogo. Kilichomshinda ni robo ya vitu vingi.

Nilitaka kucheka, lakini nikanyamaza. Manake Ijumaa ya wiki hiyo, kazini, nilikuwa nimeongea na mteja, mtu mzima mwenye biashara yake. Alikuwa amekopa kredo ya shilingi 100, akapewa 90, na sasa anatakiwa kulipa 100. Yeye alikuwa na uhakika kwamba amelipa ada ya asilimia kumi ya kile alichopata. Si kweli, na nitaonyesha hapa chini kwa maharagwe kumi tu. Kosa lake na kosa la binti yangu ni ndugu. Wote wawili walishika sehemu, wakasahau kuuliza ni sehemu ya nini.

Maoni yangu ni haya: jambo la kwanza la pesa ambalo mtoto anafaa kufunzwa si kuweka akiba, wala si bajeti. Ni kutafuta nusu, robo na thuluthi ya rundo la vitu kwa mikono yake, huku akijiuliza kila mara: ya ngapi? Asiyeweza hilo, akiba na bajeti atazikariri tu.

Chapati na rundo

Shuleni na nyumbani, somo la sehemu huanza na kitu kimoja kinachokatwa. Duara linagawanywa mara nne, kipande kimoja kinapakwa rangi, hiyo ni robo. Ni mwanzo mzuri, kwa sababu mtoto anaona kwa macho kwamba vipande lazima vilingane. Lakini duara lina mtego wake. Mtoto anazoea kwamba robo ina sura, ile pembe ya chapati. Siku akiwekewa maembe 12 anaitafuta ile sura na haioni. Basi anashika nambari iliyo karibu, ile nne ya chini, na anazungushia maembe manne.

Kitu ambacho hajaambiwa ni kwamba nambari ya chini haisemi vitu ni vingapi. Inasema mafungu ni mangapi. Robo ya maembe 12 maana yake ni: yagawe maembe yote katika mafungu manne yaliyo sawa, kisha chukua fungu moja. Ndani ya fungu mna maembe matatu. Robo ni tatu leo. Kesho, maembe yakiwa 20, robo itakuwa tano.

Pesa nayo ni rundo, si chapati. Hakuna anayechukua kisu akakata sarafu ya shilingi 20. Ukitaka robo yake, kwanza unaichenji upate sarafu nne za shilingi 5, halafu unatoa moja.

Hebu tuzitazame sarafu zetu, zile zilizotoka Desemba 2018. Ya shilingi 1 ina twiga, ya 5 ina kifaru, ya 10 ina simba, ya 20 ina ndovu. Mpe mtoto kifaru mmoja mkononi, umuulize hiyo ni sehemu gani. Ukimwekea simba mbele yake, kifaru ni nusu. Ukimwekea ndovu, kifaru huyohuyo ni robo. Ukimwekea noti ya mia, kifaru amekuwa moja kati ya ishirini. Sarafu haijapungua wala kuongezeka. Kilichobadilika ni kile ulichoilinganisha nacho. Mtoto akilielewa hilo, amepata kitu ambacho watu wazima wengi hawana.

Sisi wa pesa za simu tuna deni hapa

Lazima niseme jambo ambalo kampuni kama yetu huenda isipende kulisema. Zamani, mtoto alifunzwa marundo bila mtu kupanga. Alipewa noti ya mia aende dukani. Alinunua mkate na maziwa, akapokea chenji, akaihesabu njiani ikigonga mfukoni, na akifika nyumbani aliulizwa hesabu. Ikipungua shilingi tano alijua kuna maswali. Kila siku aliona kitu kizima kikivunjika kuwa vipande, na vipande vikijumlishwa tena.

Tangu mwaka wa 2007, pesa zilipoingia kwenye simu hapa Kenya, hayo yamepungua kidogo kidogo. Mzazi analipa akiwa amekaa kwenye kochi. Mwenye duka anapata ujumbe, mzazi anapata ujumbe, mtoto anapata mkate. Hakuna chenji. Hakuna cha kuhesabu njiani. Kwa mtoto wa leo, pesa ni nambari kwenye kioo, na mama akibonyeza, nambari inapungua.

Sisemi turudi nyuma. Kumtumia nyanya pesa kijijini bila kumpa dereva wa matatu bahasha ni faida kubwa, na mimi mwenyewe sitaki kutembea na noti kwenye kibeti. Lakini tulipoondoa sarafu mkononi mwa mtoto, tuliondoa pia darasa lake la kwanza la hesabu. Kile tulichokiondoa dukani, tukirudishe mezani nyumbani. Hakigharimu chochote zaidi ya maharagwe.

Sahani nne na maharagwe kumi na mbili

Hivi ndivyo nilivyofanya na binti yangu jioni ile. Nilileta sahani nne na maharagwe makavu 12. Nikamwambia, "Gawa. Kila sahani ipate sawa." Akaanza moja moja, akizunguka, kama anayegawa karata. Maharagwe yalipoisha, kila sahani ilikuwa na matatu.

"Sahani moja ni robo," nikamwambia. "Sahani mbili je?"

Akafikiri. "Robo mbili." Halafu akaona mwenyewe: "Ni nusu!"

"Na sahani tatu?"

"Robo tatu. Ni tisa."

Sikumpa kanuni yoyote. Ile ya kugawanya kwa nambari ya chini kisha kuzidisha kwa ya juu ni kweli na itamfaa baadaye. Lakini ukimpa mtoto kanuni kabla mikono yake haijagawa, anabaki na maneno tu. Wiki mbili zikipita anasahau ni ipi ya kugawanya na ni ipi ya kuzidisha, na hana kitu cha kurudia. Aliyegawa kwa sahani, akisahau kanuni, anarudi kwenye sahani.

Baada ya hapo kuna hatua nne, na ni vizuri kuzifuata kwa mpangilio.

Kwanza, acha sahani ziwe nne, badilisha maharagwe. Weka 8, kisha 20, kisha 24. Robo inakuwa mbili, tano, sita. Mtoto anaona kwamba robo si nambari moja. Kila mara muulize kwa sauti: "Robo ya ngapi?" na asijibu kabla hajataja rundo zima.

Pili, acha maharagwe yawe 12, badilisha sahani. Kwa sahani mbili, kila moja inapata sita. Kwa tatu, nne. Kwa nne, tatu. Kwa sita, mbili. Hapa watoto hushangaa: thuluthi ni kubwa kuliko robo ingawa tatu ni ndogo kuliko nne! Usimweleze haraka. Muulize, "Tukija watu wengi mezani, nyama inaongezeka kwa kila mtu au inapungua?" Atajijibu.

Tatu, mpe rundo lisilogawika vizuri. Maharagwe 13 kwa sahani nne: moja inabaki. Wazazi wengi huficha hili kwa kuchagua nambari nzuri kila siku. Usifiche. Muulize tufanye nini na hiyo moja. Ikiwa ni andazi, tutalikata. Ikiwa ni shilingi 20, tutaichenji. Ikiwa ni mbuzi, hapo kuna mazungumzo marefu, kwa sababu mbuzi hagawanyiki akiwa hai. Mtoto anajifunza kwamba aina ya kitu ndiyo inayoamua kama sehemu inawezekana.

Nne, geuza swali. Weka maharagwe sita kwenye sahani moja, sahani nyingine uzifunike. Mwambie, "Haya sita ni robo ya maharagwe yangu. Yote ni mangapi?" Hapa ndipo kwenye ugumu wenyewe, na hapa ndipo mtu mzima hukwama. Ukiona mtoto ananyoosha kidole kwenye sahani zilizofunikwa na kuhesabu "sita, kumi na mbili, kumi na nane, ishirini na nne," jua ameelewa.

Ukichoka na maharagwe, nyumba imejaa marundo. Trei ya mayai ina 30: nusu ni 15, thuluthi ni 10, sehemu moja ya tano ni 6, ya kumi ni 3. Kreti ya soda ya chupa 24 ni nzuri hata zaidi, kwa sababu inagawika kwa mbili, tatu, nne, sita na nane bila kubaki. Na ukipita kwa mama mboga, muonyeshe mtoto nyanya zilivyopangwa. Nyanya 30 katika mafungu ya nyanya tano tano ni mafungu sita. Fungu moja ni moja ya sita ya nyanya zote. Mama mboga hufanya hesabu hii kila asubuhi kabla ya saa mbili, na wala hajifikirii kuwa mwalimu wa hisabati.

Maneno tunayo tayari

Kuna mtu atasema hesabu hii ni ya Kizungu, ya vitabuni. Si kweli. Kiswahili kimejaa sehemu. Tuna nusu na robo ambazo kila mtu anazo mdomoni. Tuna thuluthi. Tuna thumuni, sehemu moja ya nane, na wazee watakumbuka kwamba senti 50 iliitwa thumuni au sumni hapa kwetu. Pwani bado utasikia sudusi kwa moja ya sita, na ushuri kwa moja ya kumi.

Na haya si maneno ya mapambo, watu huyatumia kugawana mali. Katika mirathi ya Kiislamu, mke wa marehemu aliyeacha watoto hupata thumuni, na akiwa marehemu hakuacha watoto, mke hupata robo. Lakini thumuni ya nini? Si ya kila kitu alichokuwa nacho marehemu. Ni ya kinachobaki baada ya gharama za mazishi, madeni na wasia. Anayesahau swali hilo anaweza kuleta ugomvi wa miaka katika familia.

Zaka ya pesa ni robo ya ushuri. Ukitaka mtoto aielewe, chukua maharagwe 40. Yagawe mafungu kumi, kila fungu linapata manne. Fungu moja ndilo ushuri. Sasa chukua robo ya fungu hilo: haragwe moja. Moja kati ya arobaini. Kwa shilingi 4,000 ni shilingi 100. Hesabu ambayo kwenye karatasi inatisha, sehemu ya sehemu, imeisha kwa dakika tatu mezani.

Wakristo nao wana fungu la kumi, na nimesikia watu wakibishana kama ni fungu la kumi la mshahara kabla ya makato au baada. Sitaingia katika ubishi huo. Nataka tu uone kwamba hakuna anayebishana kuhusu kumi. Wanabishania rundo. Kwa mwenye mshahara wa 30,000 anayebaki na 24,000 baada ya makato, kumi hiyohiyo inatoa 3,000 au 2,400.

Maharagwe yakiingia kwenye simu

Sasa turudi kwa mteja wetu wa kredo. Weka maharagwe kumi mezani. Hilo ndilo ombi lake: shilingi 100, kila haragwe ni shilingi 10. Mwenye kukopesha anatoa haragwe moja pembeni kama ada. Mteja anaondoka na tisa. Siku ya kulipa, anatakiwa kurudisha kumi.

Haragwe moja la ziada ni sehemu gani ya alichopata? Alipata tisa. Yapange mafungu tisa, kila fungu haragwe moja. Jibu ni moja ya tisa, si moja ya kumi. Kwa asilimia ni kumi na moja na kidogo. Aliyesema kumi alihesabu kwa rundo aliloomba. Rundo aliloingia nalo nyumbani lilikuwa dogo zaidi.

Utasema tofauti ni ndogo. Kwa mara moja, ndiyo. Lakini anayekopa kredo ya 100 mara kumi kwa mwezi amelipa shilingi 100 ili apate kredo ya 900. Hilo ni jambo la mtu kuamua akiwa macho wazi. Dharura ipo, na kuna siku shilingi kumi ni bei nafuu ya kumpigia daktari. Ninachotaka ni uamuzi, si mshangao.

Asilimia nayo ni sehemu ya rundo, basi. Maana yake ni "kati ya kila mia". Tuseme unakopa 2,000 kwa mwezi mmoja, ada asilimia 7.5. Gawa 2,000 katika mafungu ya mia mia: yanakuwa 20. Kila fungu linadaiwa 7.50. Ishirini mara 7.50 ni 150. Umekopa 2,000, utalipa 2,150. Lakini ukiwa mtu wa kulipa na kukopa tena kiasi kilekile kila mwezi, mwaka ukiisha umelipa ada ya 1,800. Hiyo ni sehemu tisa kati ya kumi za mkopo wenyewe, na mfukoni hujawahi kuwa na zaidi ya zile 2,000. Saba na nusu ilionekana ndogo kwa sababu ulisahau kuuliza: kati ya mia, kwa muda gani?

Ada za kutuma zina somo lake pia. Tuseme kwa mfano kwamba kutuma 200 kunatozwa 8, na kutuma 1,000 kunatozwa 16. Ukiangalia shilingi tu, 16 ni nyingi. Ukiangalia sehemu, 8 kwa 200 ni nne kati ya mia, na 16 kwa 1,000 haifiki hata mbili kati ya mia. Ukimtumia mtu mmoja 200 mara tano, umelipa 40 badala ya 16. Usichukue nambari zangu, ni za mfano tu. Fungua orodha ya ada kwenye simu yako, uifanye hesabu hii kwa miamala unayofanya kila wiki.

Mtego wa mwisho ni wa bei. Mpe mtoto maharagwe manane. Mwambie, "Ongeza nusu." Yanakuwa 12. "Sasa ondoa nusu." Yanabaki sita! Atakuangalia kama umemfanyia kiinimacho. Nusu iliyoongezwa na nusu iliyoondolewa zina jina moja, lakini ya kwanza ni nusu ya nane na ya pili ni nusu ya kumi na mbili. Sokoni pia ni hivyo. Kitu cha shilingi 80 kikipanda robo kinakuwa 100. Kikishuka robo hakirudi 80, kinakuwa 75. Na ukiona bango la punguzo la nusu bei, swali ni lilelile: nusu ya bei gani? Ya jana, au ya ile waliyoibandika leo asubuhi?

"Lakini simu ina kalkuleta"

Ndiyo, ina. Na ni nzuri. Lakini kalkuleta haijui rundo. Itakugawia 10 kwa 100 au 10 kwa 90, yoyote utakayoandika, bila kukuuliza ni ipi sahihi. Kazi ya kuchagua ni yako. Mteja wangu alikuwa na kalkuleta mkononi tukiongea.

Wengine husema hiyo ni kazi ya mwalimu. Mtaala wa umilisi, tangu uanze katika madarasa ya chini mwaka wa 2019, unataka watoto wajifunze kwa kushika vitu na wazazi wahusike. Lakini mwalimu mwenye watoto hamsini darasani hawezi kumpa kila mmoja sahani nne na kusubiri agawe. Wewe una mtoto mmoja, wawili, watatu, na meza. Dakika kumi zako zinaweza kuzidi saa nzima yake.

Kuna pia wanaoogopa kwamba mtoto akizoea kushika pesa atapata tamaa. Nawaelewa. Ndiyo sababu nimeanza na maharagwe. Lakini siku itafika atapata kitambulisho, atasajili laini, na ndani ya muda mfupi ataanza kupata ujumbe wa kumwambia anaweza kukopa. Ujumbe huo hautamuuliza kama anajua moja ya tisa na moja ya kumi ni tofauti. Afadhali aonje kosa la haragwe moja akiwa na miaka minane kuliko la shilingi elfu akiwa na ishirini. Samaki mkunje angali mbichi.

Na kama wewe mwenyewe hesabu ilikushinda shuleni, hiyo si sababu ya kukaa kando. Usijifanye mwalimu. Kaa mezani kama mwanafunzi mwenzake, ugawe naye. Wazazi wengi niliowaambia hivi wamerudi wakisema wao ndio walielewa robo tatu kwa mara ya kwanza.

Wikendi hii

Chukua sahani na maharagwe, au sarafu ulizo nazo kwenye ule mkebe wa kabatini. Anza na 12 na sahani nne. Usitoe kanuni. Mwache akosee, na akikosea usimwambie jibu. Muulize tu, "Robo ya ngapi?" Siku nyingine utakapolipa kwa simu, mwite akae karibu nawe. Muonyeshe salio kabla na baada, na mhesabu pamoja ni sehemu gani imeondoka. Iandikeni. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na simu yenyewe sasa ni daftari, ila halimsaidii asiyelisoma.

Binti yangu alifuta maembe yake manne akabakisha matatu. Wiki iliyofuata mjomba wake alikuja kututembelea, akamwambia kwa furaha, "Ukifanya vizuri mtihani nitakupa nusu ya pesa nilizo nazo mfukoni."

Akamsalimia vizuri, akamshukuru, halafu akauliza, "Nusu ya ngapi, mjomba?"

Mjomba akaingiza mkono mfukoni. Kulikuwa na simba mmoja.